Aliyefunga Breki Ndiye Anayepanda

Zaitun, fundi wa gereji yetu, ameniomba karatasi moja tu. Anataka kuibandika ukutani juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, iwaeleze mafundi wapya namna ya kuchagua pedi za breki na namna ya kuzibadilisha, ili wasimsumbue kwa maswali yaleyale kila Jumatatu. Nimeikalia karatasi hiyo siku nne. Kila nikianza na pedi, anaingia mtu. Basi Zaitun, chukua zote hizi, ubandike ile itakayokufaa. Mimi sasa nina muda.

Niliacha shule darasa la sita kule Busia. Watu hudhani niliacha kwa shida. Ukweli ni kwamba malori yalikuwa yanapita mbele ya dirisha letu na nilitaka kujua yanakwenda wapi. Yalikwenda Juba. Nikawa utingo, nikachoma matofali, nikauza mayai ya kuchemsha Kabalagala kwa watu waliolewa kiasi cha kuyala na maganda, nikatengeneza redio tatu ambazo hazikusema tena. Sehemu nyingi niliondoka mwenyewe. Mbili niliondolewa.

Siku niliyofika gereji ya Kibuli, hapa Kampala, sikuwa natafuta kazi. Nilikuwa napita tu, nikamwona mzee mmoja amebana pedi mpya ya breki kwenye jiliwa, anaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Boksi lake lilikuwa chini pale, bado linang'aa.

"Mzee, mbona unaharibu kitu kipya?"

"Nataka kuona ndani," akasema bila kuinua kichwa. "Weye hautaki kuona ndani?"

Nilitaka. Nikakaa miaka ishirini na tisa.

Jina lake lilikuwa Byamungu, mkimbizi kutoka Bukavu, mwenye gereji ile. Ndani ya gereji tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kiganda kilimshinda yeye, na wateja wetu wengi walikuwa askari wa kambi ya Naguru waliotoka kaskazini, ambao Kiganda hakikuwashinda ila hawakukitaka.

Ile pedi ilipokatika alinionyesha. Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa kitu kigumu ambacho sisi tunakiita nyama, na nyama ndiyo inayobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Ya siku ile gundi yake ilikuwa ukingoni tu. Katikati palikuwa na uwazi, kama chapati iliyovimba. "Hii ingebanduka kwenye mteremko," akasema, kisha akatupa vipande vyote viwili na kwenda kunawa. Tangu hapo sikuamini boksi. Shika pedi juani, tazama pale nyama inapokutana na chuma: ukiona mstari mweusi, rudisha. Igonge kwa sarafu. Ikilia mlio mfupi, mkavu, iko sawa; ikilia kama sufuria iliyopasuka, rudisha na sarafu yako ubaki nayo.

Ukienda kununua, nenda na ile ya zamani mfukoni. Usimwambie mwenye duka jina la pikipiki, maana atakuambia "hii ndiyo yenyewe" hata kama wewe umetaja jina la mtama. Weka chuma juu ya chuma, matundu juu ya matundu. Pedi inayohitaji kupigwa tupa ili iingie si yako. Na usikubali maneno ya waendesha boda kwamba pedi nzuri ni ile isiyokwisha. Nimeziona zisizokwisha. Zilikuwa ngumu kama kigae, na kilichokwisha kilikuwa diski, ambayo ndiyo ghali. Laini sana nazo hushika vizuri kwenye mvua lakini mwezi wa pili umezisahau. Kwa vilima vyetu hivi, tafuta ya katikati, na umwambie mteja ukweli kwamba itakwisha, kwa kuwa kazi yake ni kwisha.

Sasa nije kwenye sheria ya Byamungu, maana ndiyo iliyonifanya niandike kurasa zote hizi.

Sheria ilikuwa moja. Ukifunga breki, hurudishi ufunguo kwa mteja ukamwambia safari njema. Mteja anaendesha, wewe unapanda nyuma yake, mnashuka mteremko wote mpaka pale mama mmoja, Nnalongo, anapouza mafenesi, mnasimama, mnageuza, mnarudi. Byamungu alikuja nayo kutoka Bukavu, mji ambao kwa maelezo yake haukuwa na mita kumi zilizolala sawa.

Mara yangu ya kwanza nilidhani ananitania.

"Panda," akaniambia.

"Mzee, mimi ndiye fundi."

"Ndiyo maana."

"Na tukianguka?"

"Utajua ulikosea wapi."

Mimi ambaye maisha yangu yote sikuwahi kukaza parafujo mara mbili, siku ile nilikaza zote mara nne. Hiyo ndiyo hekima ya sheria ile. Huhitaji kumkumbusha fundi kwamba breki ni uhai wa mtu ikiwa mtu huyo ni yeye.

Palepale nilijifunza jambo ambalo wapya wote hulikosea, na nawaomba mlisome taratibu. Pedi mpya ni nene kuliko iliyokwisha. Ili iingie, lazima pistoni inayoisukuma irudishwe ndani ya kalipa, lile koleo linalobeba pedi. Fungua kwanza kikopo cha mafuta ya breki juu, kwa sababu mafuta yatapanda. Safisha pistoni, kisha isukume polepole kwa kabari ya mti. Isirudishwe kwa bisibisi na hasira. Weka pedi, usizishike usoni kwa vidole vyenye grisi. Funga kalipa. Ukifika hapo kila kitu kinaonekana kimekamilika, na hapo ndipo pikipiki ni hatari kuliko ilipoingia. Pistoni bado iko mbali na pedi. Mtu akibana mkono wa breki mara ya kwanza, atabana hewa. Lazima wewe uubane, uuachie, uubane, uuachie, mpaka uwe mgumu mkononi. Inachukua nusu dakika.

Mimi nusu dakika hiyo iliwahi kunishinda.

Alikuwepo askari mmoja wa Naguru, Okello. Watu wa Kibuli walimwita Ssalongo, kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha, Apio na Acen, wasichana wawili wenye sare za bluu aliowaleta shule kila asubuhi kwenye pikipiki yake, mmoja akimshika kiuno, mwingine akimshika mwenzake. Siku moja aliwaacha shuleni, akaniletea pikipiki nibadilishe pedi za mbele. Byamungu alikuwa ameenda kanisani kwenye mazishi. Nilifunga pedi vizuri kabisa. Nikafunga kalipa. Halafu nikasikia kelele barabarani: lori la ndizi lilikuwa limetumbukia mtaroni na watu walikuwa wanalitoa kwa mnyororo na kapi mbili. Sikuwahi kuona kapi mbili zikifungwa namna ile. Nikasema nitatazama dakika moja.

Okello alikuwa na haraka ya kwenda zamu. Aliona kalipa imefungwa, vifaa vimewekwa, fundi hayupo. Akachukua ufunguo akaenda.

Alipofika mteremkoni akabana mkono wa breki, ukafika mpaka kwenye mpini bila kushika chochote. Akakanyaga ya nyuma kwa nguvu zake zote, gurudumu likagoma, pikipiki ikalala ubavu na kumpeleka mpaka ndani ya mafenesi ya Nnalongo. Alivunjika mfupa wa bega. Ingekuwa saa moja nyuma, angekuwa na watoto.

Nilikimbia pamoja na watu wengine. Kabla sijafika nikasikia waendesha boda wa kituo cha chini wakisema, "Si mnaona? Breki ya mbele imemrusha." Mnaijua imani hii, hata leo ipo. Wengi wanaamini breki ya mbele humrusha mtu juu ya mpini, hivyo wanailegeza au wanaing'oa kabisa, na wanashuka vilima vya Kampala kwa breki ya nyuma, ile yenye nguvu ndogo. Okello mwenyewe, amelala pale anauma meno, alisema, "Ya mbele. Ya mbele imeniua."

Nikanyamaza. Uongo ule ulinifaa.

Byamungu aliporudi aliniuliza neno moja. "Ulipanda?"

"Nilipanda," nikasema.

Akanitazama, akavaa ovaroli lake, akaendelea na kazi.

Wiki ile ile pikipiki tano zilikuja kuomba breki ya mbele ilegezwe. Byamungu alizikataa zote, zikaenda kwingine. Okello alipopona alirudi barabarani na watoto wake, na niliona alichofanya: mkono wa breki ya mbele ameufunga kwa ukanda wa mpira, usiguswe hata kwa bahati mbaya.

Mafundi wapya, jifunzeni kutazama pikipiki ikishuka. Mtu akitumia breki ya mbele, shokapu za mbele hujikunja na pua ya pikipiki huinama kidogo. Akitumia ya nyuma peke yake, pua haiinami, mkia ndio unaotafuta njia. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikitazama pua ya Okello. Haikuinama. Asubuhi moja ya mvua alishuka na mapacha ndani ya makoti ya mvua ya manjano, gurudumu la nyuma likaanza kuteleza kuelekea mtaroni, naye akashusha miguu yote miwili akiburuza buti kwenye lami. Walisimama. Acen alicheka, alidhani ni mchezo.

Nikaingia ndani.

"Mzee," nikasema, "sikupanda."

Byamungu alikuwa anapiga msasa viatu vya breki ya nyuma, vile vinavyokaa ndani ya ngoma. Hakuacha. "Najua. Nilikukuta una matope ya lori mpaka magotini. Nilikuwa nakungojea."

"Utanifukuza?"

"Nikikufukuza utaenda kuangalia lori lingine. Si mimi nilivunjika. Nenda Naguru."

Nilitembea mpaka Naguru kwa miguu, ili nisifike haraka. Okello alikuwa nje ya nyumba yake kwenye makazi ya askari, anasuka viti vya plastiki kwa mkono uliokuwa mzima zaidi. Nikamweleza yote: pistoni, mkono wa breki, nusu dakika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulienda kuangalia lori."

"Ndiyo, Afande."

"Lilitoka?"

"Lilitoka."

"Vizuri. Lori lilitoka. Sasa toka na wewe."

Nikatoka. Lakini mimi niliyeishi kwa kuondoka sehemu, safari hii sikuondoka Kibuli. Niliendelea kusimama mlangoni kila asubuhi, naye aliendelea kupita bila kunitazama, na ule mpira ukiwa palepale. Nilijua kumwambia ukweli hakukumrudishia mkono wake ujasiri. Mtu haogopi kwa sababu umemwambia kwamba breki ni mbaya, na haachi kuogopa kwa sababu umemwambia ni nzuri. Niliapa moyoni kwamba wale watoto hawatashuka kilima kwa breki moja wakati mimi bado nina mikono.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja alikuja mwenyewe, kwa sababu viatu vya nyuma vilikuwa vimekwisha na chuma kinasaga chuma; ulimsikia akitoka Kibuli juu kabisa. Ndivyo inavyokuwa: ukiua ya mbele, ya nyuma inafanya kazi ya wawili na kufa mapema. Nikamfungia viatu vipya. Vumbi la ngoma nililifuta kwa kitambaa chenye maji, sikulipuliza kwa mdomo, na ninyi msilipulize; si unga wa chai, ni sumu ya mapafu. Kisha nikasema:

"Ssalongo, ruhusu nikuwekee sawa na ya mbele."

"Mimi hapana taka ya mbele. Hiyo iko muuaji."

"Muuaji ni mimi, nimekwambia. Nipe asubuhi zako. Ukishaacha watoto shuleni, pita hapa. Nitapanda nyuma, tushuke mpaka kwa Nnalongo. Kesho, keshokutwa, mpaka useme basi. Ukianguka, tunaanguka wote."

"Na wewe utashika nini?"

"Kiti."

Alicheka kidogo, si kicheko kizuri. "Askari kubeba fundi kila siku kama mke wake. Watu watasema nini?"

Byamungu akajibu kutoka ndani, "Watasema mke ana kipara."

Siku ya kwanza mpira ulikuwa umetoka lakini hakuugusa mkono wa breki. Siku ya pili vilevile, na Nnalongo akatupigia kelele, "Ssalongo! Leo unaleta mwingine wa kunilalia mafenesi?" Siku ya nne aliweka kidole kimoja. Nilimweleza tukishuka: bana polepole, kama unakamua ndimu, usinyakue, nyuma kidogo, mbele zaidi, mpini ukiwa umenyooka. Pedi mpya lazima zizoee diski kwanza. Unazibana kidogo kidogo mara nyingi, bila kuzishikilia zikachemka. Alinijibu kwamba mdomo wangu ndio unaohitaji breki.

Siku ya kumi na moja mtu wa toroli la maji alitoka uchochoroni bila kutazama. Hapakuwa na nafasi ya kumwelekeza. Nilihisi kifua changu kikiegemea mgongo wa Okello, pua ikainama, na tukasimama. Mitungi ya njano ilikuwa mbele yetu, karibu sana, na mwenye toroli amefunga macho.

 Okello akauliza bila kugeuka, "Nani alibana? Mimi ama wewe?"

"Mikono yangu iko kwenye kiti chako, Afande."

Jumatatu iliyofuata mapacha walishuka, na pua iliinama.

Tangu hapo hakukubali fundi mwingine aguse breki zake. Byamungu alikufa, gereji ikabaki mikononi mwangu, wakaja wengine, wakaondoka, Zaitun akaja akabaki. Apio na Acen wamekuwa wakubwa. Mmoja ni mwalimu, mwingine naye askari. Okello amestaafu, na bado akija husimama getini na kuita jina langu, Barasa, mpaka nitoke, hata kama nina mswaki mdomoni.

Mwaka huu kiuno changu kilianza kukataa kupanda. Daktari wa mgongo alisema nikae mbali na pikipiki. Nilijaribu ujanja wa kufunga mimi na kumtuma Zaitun apande. Alikataa. "Mzee, ulinifundisha nini? Sipandi kazi ambayo sikuifunga." Basi ikabidi nikubali: asiyeweza kupanda hafungi. Ndiyo sababu nimeacha kazi. Wanaodhani nimechoka, hawanijui.

Siku yangu ya mwisho Okello alikuja na pedi za mbele zimekwisha, mifereji yake midogo imefutika kabisa, na ya ndani nyembamba kuliko ya nje. Zaitun aliona kabla yangu: pini za kalipa zimekauka, kalipa haitelezi. Alizitoa, akazisafisha, akazipaka grisi kidogo, akafunga pedi mpya. Okello alikaa kwenye benchi akimtazama kama mtu anayetazama mtoto wake akipasuliwa.

"Barasa, hii kazi si yako?"

"Leo ni yake."

"Huyu msichana?"

"Huyu msichana ana watoto watatu, Ssalongo," Zaitun akasema bila kuinua kichwa, "na amefunga breki nyingi kuliko alizovunja huyu mzee." Akabana mkono wa breki, akaachia, akabana, akaachia. Nilihesabu kimoyomoyo. Alivuka nusu dakika.

Okello akapanda. Akawasha. Akanitazama mimi. "Panda basi."

Mguu wangu ulikuwa tayari umeshainuka. Zaitun akanishika bega, bila nguvu.

"Nani alifunga?" akaniuliza.

"Wewe."

"Basi shusha mguu, Mzee."

Akajifunga shuka juu ya suruali, akakaa nyuma ya Okello, akashika kiti. Okello hakuondoka mara moja. Vidole vyake vilikuwa juu ya mkono wa breki, havijaubana, na nilikumbuka ule ukanda wa mpira. Nikafikiri atashuka, aseme atarudi siku nyingine, siku ambayo mimi sitakuwepo. Kisha akaachia klachi.

Nilisimama mlangoni pale nilipozoea kusimama. Walishuka polepole, halafu si polepole. Walipita msikiti, walipita kituo cha boda. Karibu na meza ya binti yake Nnalongo, anayeuza mafenesi sasa, mbuzi wa mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara akiwaza mambo yake.

Pua ikainama.